Ua la Nakijwa na Zimwi Lenye Ndevu za Barafu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa ua uani, na zimwi mlangoni!

Basi, wajukuu zangu, palikuwa na kijiji chini ya mlima wenye barafu. Kileleni liliishi zimwi. Wapo wasemao lilikuwa na vichwa saba. Sikuviona, wala sijakutana na aliyeviona. Nitasema lililothibitika: lilikuwa na kinywa kimoja, nacho kilitosha.

Kila mwaka maua yaitwayo karnesheni yalipochanua, zimwi lilishuka. Nyumba yenye ua jekundu, lilimmeza mtoto wake. Watu wakaogopa, wakang'oa karnesheni zote.

Bibi Namkunda peke yake alikataa kung'oa yake. Aliishi na mjukuu wake, Nakijwa.

"Jekundu ni upendo," Bibi alikuwa akimwambia.

"Nani alisema, Bibi?"

"Marehemu mama yako, alipolipanda."

Siku moja, ua jekundu likachanua. Mchana huohuo ardhi ikatikisika: tii! tii! tii! Zimwi likaingia uani, ndevu barafu tupu, tumbo likifuka moshi.

"Nimeliona ua! Nimekuja kula mtoto!"

Bibi akashika mchi. Nakijwa akamtangulia.

"Shikamoo, babu."

Zimwi likababaika. Halikuwahi kuamkiwa. "Mara... marahaba."

"Nani alikuambia ua jekundu maana yake ni kula mtoto?"

"Neno lenyewe! Hili ni nini?"

"Ua."

"Umesikia? Ua! Umeniamuru mwenyewe!"

"Babu, hili la kunusa ni ua. Miti hiyo iliyozunguka nyumba ni ua. Na kumtoa mtu roho nako huamriwa hivyohivyo: ua! Maana tatu! Kwa nini umechagua ile inayokushibisha wewe?"

Zimwi likajikuna kichwa. "Nilikuwa na njaa."

"Na sasa umo ndani ya ua wetu. Aliyeingia nyumba ya watu ni nani?"

"Ni... mgeni."

"Mgeni humla mwenyeji, au hula alichoandaliwa?"

"Alichoandaliwa," zimwi likanung'unika. "Lakini kisipouzima moto wa tumbo langu, nakula wewe."

"Tumekubaliana. Bibi ni shahidi."

Basi Nakijwa akazivunja zile ndevu: kacha! Akajaza ndoo, akanyunyizia barafu chumvi ya mawe ili baridi izidi kuuma. Bibi akamimina maziwa mazito, sukari na iliki katika kopo, akalifunika, akalizika ndani ya barafu.

"Zungusha," Nakijwa akaliambia zimwi.

"Mimi mgeni!"

"Mgeni mwenye mikono miwili. Zungusha!"

Likazungusha. "Tayari?"

"Bado."

Likazungusha. "Tayari?"

"Bado."

Likazungusha mpaka mkono ukafa ganzi. "Tayari?"

"Tayari!"

Maziwa yalikuwa yameganda, laini, meupe. Bibi akalichuma ua la binti yake, akalitazama kidogo, akazinyunyiza petali zake juu.

Kijiko cha kwanza, moshi ukakatika. Kijiko cha pili, moto ukazimika. Kijiko cha tatu, zimwi likapiga chafya, na watoto watatu wakaruka nje, wazima, wakiuliza kama yamebaki.

Najua mtaniuliza waliishije tumboni. Sina ushahidi. Nina idadi tu: watatu.

"Hiki kinaitwaje?" zimwi likauliza.

"Aiskrimu."

"Kinauma meno, na sitaki kiache!"

Likalamba kopo. Likalamba mfuniko. Likaunyemelea mwiko, Bibi akalichapa mkono.

"Huna haya? Mwiko ni wa mpishi!"

"Samahani, Bibi. Basi, hili ua maana yake ni nini?"

"Upendo," akajibu Bibi.

Na mara hii Nakijwa hakuuliza nani alisema.

Tangu siku hiyo, karnesheni zikarudi kila nyumba. Jekundu likichanua, watoto hutoka na makopo, wakipiga kelele kuelekea mlimani: "Babu, njoo na ndevu!"

Hadithi yangu imefika hapo. Mbele ya hapo sina ushahidi. Funzo lake ni hili: mtu akikuletea neno pamoja na maana yake, muulize maana nyingine ameziacha wapi.