Nani Atangulie Bwawani

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakisema na kujenga nyumba, nchi yao ilikuwa na bunge. Msicheke. Mnadhani bunge lilianza na wavaa suti? Tena lao lilikuwa na mabaraza mawili.

Baraza la kwanza lilikaa bondeni. Kila upande wa nchi ulimchagua mjumbe wake, na kwa kuwa kila upande ulijaa nyati na nyumbu, hata wajumbe wakawa nyati na nyumbu, na Spika wao akawa Kiboko. Baraza la pili lilikaa kilimani. Huko kila ukoo ulipata kiti kimoja tu, uwe mkubwa uwe mdogo, na Spika alikuwa Tembo.

Wanyama hawakujua kuandika. Sheria zote zilikaa kichwani mwa Kasuku, karani wa mabaraza yote mawili. Mswada ukipita bondeni, aliruka nao mpaka kilimani akaukariri. Haukuwa sheria mpaka mabaraza yote mawili yaukubali kwa maneno yale yale, bila kupungua wala kuzidi. Hapo ndipo Mfalme Simba alipounguruma, na ngurumo yake ndiyo iliyokuwa saini.

Bi Digidigi alikuwa mjumbe wa ukoo wake kilimani. Akikaa kitini, yalionekana masikio tu. Mwaka huo mvua ziligoma, mito ikakauka, likabaki bwawa moja nchi nzima. Nyumbani alikuwa na mtoto mchanga, na kila asubuhi alikwenda kunywa bwawani ili apate maziwa ya kumnyonyesha.

Siku moja Kasuku alitua kilimani, prrr, akakariri: "Mswada wa Bwawa. Mnyama asiyefika gotini pa Nyati asinywe maji ya bwawa. Umepitishwa na baraza la bondeni."

Bi Digidigi alipigwa na butwaa. Ulimi ulimkauka kama vile tayari amenyimwa maji. Aliwatazama wenzake, akamwona Kifaru anatikisa kichwa kukubali na Twiga anatafuna majani yake kwa raha. Wasiofika gotini pa Nyati walikuwa yeye, Sungura, Kobe na Nungunungu. Kura zikipigwa, mtoto wake amekwisha.

Sungura, shemeji yake, alimnong'oneza kwamba wapige kelele wakatae. Bi Digidigi akamuuliza kelele zao zitasikika wapi palipo na Tembo. Mswada ukisomwa mara ya kwanza haujadiliwi, kwa hiyo alirudi nyumbani, akamnyonyesha mtoto, akawaza huku machozi yakimtoka.

Uliposomwa mara ya pili na mjadala ukafunguliwa, alipanda juu ya kiti chake.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "naunga mkono."

Lahaula! Kobe alirudisha kichwa ndani ya gamba. Miiba ilimsimama Nungunungu. Sungura alitaka kumvuta mguu amshushe. Hata Tembo mwenyewe aliacha kupepea masikio.

"Unaunga mkono? Wewe?"

"Kabisa, Mheshimiwa. Ila mswada huu una aibu ndani yake. Hausemi nani atangulie kunywa. Kiboko akitangulia ataoga humo, atalala humo, na mengine naona haya kuyataja mbele ya baraza. Halafu wewe, Spika wetu, unywe kilichobaki?"

Tembo alishtuka. Kumbe alikuwa akinywa maji hayo miaka yote na hakuwahi kulifikiria jambo hilo! Papo hapo mswada ukaongezwa maneno haya: na Tembo ndiye atakayetangulia. Kura zilipigwa kwa miguu, tih, tih, tih, ukapita. Ukasomwa mara ya tatu, ukapita tena, na Kasuku akaruka nao kurudi bondeni.

Kiboko aliposikia nyongeza hiyo, kinywa chake kilifunguka na kikakataa kufumbika. Yeye aliyezaliwa ndani ya maji, asubiri ukingoni? Baraza lake lilimfuta Tembo, likamweka Kiboko. Kasuku akapanda kilimani na maneno mapya, na safari hii aliyeachama ni Tembo.

Mabaraza yakihitilafiana, desturi ilikuwa kuunda kamati ya upatanisho, wajumbe sawa kwa sawa, Maspika wote wawili wakiwemo. Mwezi ukiandama kabla hawajaelewana, mswada umekufa, na haurudi bungeni mpaka mvua inyeshe. Bi Digidigi aliomba awemo. Tembo alimjibu kwamba mtetezi kama yeye hawezi kuachwa nje.

Kamati ilibishana mpaka sauti zikakauka. Jioni ya mwisho, anga la magharibi limeanza kuwa jekundu, Nyati alisema neno la akili: waingie pamoja, Tembo na Kiboko, bega kwa bega. Wote wakashusha pumzi. Hata Maspika wenyewe walianza kucheka.

Bi Digidigi hakulitarajia hilo kabisa. Alimwona mtoto wake akinyonya titi kavu, akakohoa kidogo.

"Shauri zuri sana," alisema kwa upole. "Basi atakayekuwa upande wa kulia ni nani?"

Tembo alimtazama Kiboko, Kiboko akamtazama Tembo. Kulia si ndiko kwa heshima? Wee! Ilikuwa kana kwamba mmoja kamtukania mwenzake mama. Vumbi lilitimka, na Nyati aliyeleta amani alisukumwa na wote wawili.

"Mwezi umeandama!" Kasuku alisema kutoka mtini. "Mswada umekufa."

Kulipokucha, Tembo na Kiboko walikwenda bwawani, bado wanabishana. Walipofika waliduwaa. Bi Digidigi alikuwa ameinama anakunywa taratibu. Kando yake walikuwa Sungura, Kobe na Nungunungu, na mtoto mdogo alikuwa ananyonya.

Tembo alimnyooshea mkonga. "Wewe! Si uliunga mkono?"

Bi Digidigi alifuta midomo, akamwinamia kwa adabu zote.

"Niliunga mkono, Mheshimiwa, na mpaka leo sijageuza neno. Mlioukataa ni nyinyi."

Tembo alimgeukia Kiboko, na Kiboko akamgeukia Tembo. Mkonga ulining'inia, kinywa kikaachama. Hakukuwa na sheria, kwa hiyo bwawa lilikuwa la wote kama zamani, aliyewahi akinywa kwanza, na wakubwa wale walisimama nyuma wakangoja mtoto wa digidigi ashibe.

Hadithi naiacha hapo hapo ukingoni, nanyi ondokeni na hili: anayegombania kutangulia husahau alikuwa akienda wapi.