Kenge Aliyenyimwa Pigano

Hadithi, hadithi!

— Hadithi njoo!

Ikija ije na nini?

— Ije na ngumi, sisi tukae mbali!

Haya, sogeeni. Yule anayekoroma pale nyuma mwamsheni, maana sitarudia.

Hapo kale, kale ile ambayo mawe yalikuwa bado laini na fisi alikuwa bado ana haya, wanyama wa nyika walikuwa na uwanja wa ngumi. Kila siku ya saba walikusanyika wakatazama pigano.

Uwanja ule haukuwekwa kwa ajili ya kelele tu. Wazee walioanzisha hawakuwa wajinga. Walitaka wenye nguvu wajulikane, na wakishajulikana, wafungwe kwa kiapo. Kila aliyeingia kupigana aliweka kiganja chini, akasema mbele ya wote:

“Ngumi zangu ni za uwanja. Kiota cha mtu si changu, pango la mtu si langu, mtoto wa mtu si wangu.”

Aliyekivunja kiapo hicho nyika nzima ilimfukuza, na hakuna kisima kilichompa maji.

Na nani alipigana na bingwa? Bingwa mwenyewe alichagua. Hiyo nayo ilikuwa desturi.

Bingwa wa zama hizo alikuwa Nyani. Kifua kipana, meno marefu, na kiunoni mkanda wa ngozi ya chatu. Mambo yake yaliendeshwa na Mbweha, promota, mtu wa lugha tatu, asiyejua kukunja ngumi katika hata moja.

Shabiki wake nambari moja alikuwa Kanga. Kanga ndiyo kwanza alikuwa ametaga, mayai yake ya mwanzo maishani, yamejaa kiotani chini ya kichaka cha miiba. Siku ya pigano aliyafunika kwa nyasi, akayaambia, “Tulieni, mama anakwenda kumwona bingwa,” akaondoka mbio huku akiimba:

“Nyani, Nyani, baba wa ngumi,
anayemtaka aje na sanda!”

Itikieni basi, mbona mmenuna?

— Aje na sanda!

Naam.

Pigano la kwanza, Nyani alimchagua Kobe. Kengele ikalia, Kobe akaingiza kichwa ndani. Nyani akaligonga ganda, ko ko ko, akaligonga tena, mpaka refa akachoka akamwinua mkono. Watu wakashangilia. Kanga akashangilia kuliko watu.

Pembeni, juu ya jiwe, alikaa Pimbi. Pimbi ni mdogo wa mwili, ila ulimi wake ungeweza kunyoa ndevu.

“Dada Kanga,” akasema, “lile lilikuwa pigano au alikuwa anabisha hodi?”

“Wivu utakuua, Bwana Pimbi. Wewe unajua ugumu wa ganda?”

“Naujua. Ndiyo maana nauliza: mbona hakumpiga Kobe, kapiga nyumba yake?”

“Bingwa hapigani ovyo,” Kanga akajibu. “Anachagua. Mwenye akili huchagua.”

Wakiwa katika kubishana, akatokea Kenge. Kenge alikuwa mrefu, makucha kama miundu, na mkia ambao akiupunga nyasi zinalala. Akamwendea Mbweha kwa adabu.

“Shikamoo, promota. Naomba pigano na bingwa.”

Mbweha akamtazama juu mpaka chini. “Una rekodi?”

“Rekodi gani?”

“Umepigana na nani? Umeshinda mara ngapi? Tunataka mtu mwenye uzoefu, bwana.”

“Sijapigana na mtu. Hamjanipa pigano.”

“Basi nenda katafute rekodi, halafu uje tukupe pigano.”

“Nitaipata wapi rekodi, nanyi ndio wenye mapigano?”

“Swali zuri sana,” Mbweha akasema. “Next!”

Kenge akaenda zake.

Pigano la pili, Nyani alimchagua Bundi. Na pigano likawekwa saa sita, jua la utosi. Maskini Bundi aliingia macho yamefumba. Akausalimia mti, akajipanga kuukabili mti, na bado alikuwa anauzungukia ule mti Nyani alipomjia kwa nyuma akamlaza.

“Dada Kanga,” Pimbi akaita, “mshindi ni Nyani au ni jua?”

“Hiyo inaitwa mbinu! Wewe ulitaka apigane usiku ili afurahi nani?”

“Nilitaka Bundi naye amwone anayempiga. Hivyo tu.”

“Bingwa hapigani ovyo. Anachagua. Mwenye akili huchagua.”

Kenge akarudi. “Promota, bado sina rekodi, lakini nina njaa ya kupigana. Nijaribuni tu.”

“Tatizo sasa ni uzito,” Mbweha akasema. “Nusu ya uzito wako ni mkia, na mkia hauna kipimo. Halafu huu ni mchezo wa ngumi. Mkia unaingia wapi?”

“Nikiufunga je?”

“Ukiufunga tutaangalia. Next!”

Pigano la tatu, Nyani alimchagua Kinyonga. Hili sitalisimulia sana, nitatenda dhambi. Kengele ya kwanza ililia, Kinyonga akaanza kutoka konani. Kengele ya mwisho ililia, Kinyonga bado amening’iniza mguu hewani, anaufikiria. Nyani akapewa ushindi kwa sababu mwenzake hakufika.

Safari hii hata mashabiki walicheka kwa kificho. Kanga hakucheka. Hata yeye aliona haya kidogo. Lakini akiwa ameshaimba siku zote zile, angeachaje sasa? Akaimba kwa sauti zaidi:

“Nyani, Nyani, baba wa ngumi,
anayemtaka aje na sanda!”

— Aje na sanda!

Kenge akaja mara ya tatu. Mkia ameuzungusha kiunoni, ameufunga kwa kamba ya mbuyu, fundo juu ya fundo. Alitembea kwa shida, lakini alikuja.

Mbweha alipoliona lile fundo, aligeuka akamtazama Nyani. Nyani alikuwa anatazama mawingu. Basi Mbweha akawageukia watu. “Mashabiki! Bingwa ni wenu. Je, mnamtaka huyu?”

Kabla mwingine hajafungua mdomo, Kanga akaruka juu ya kichuguu. “Hatumtaki! Kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, lakini nani aliwahi kuwapisha njia?”

Watu wakaangua kicheko. “Hatumtaki! Hatumtaki!”

Kenge akangoja kicheko kiishe. Akasema, “Basi nipeni kiapo tu. Niweke kiganja chini, niape, nisubiri zamu yangu hata ikichukua mwaka.”

“Kiapo ni cha wapiganaji,” Mbweha akasema. “Wewe si mpiganaji.”

“Mimi ni nini basi?”

“Wewe ni kenge.”

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Kenge akaufungua mkia wake taratibu, fundo baada ya fundo, akaitupa kamba, akashika njia. Pimbi peke yake hakucheka. Alimsindikiza kwa macho, akasema, “Huyo anakwenda wapi?”

Watu walikuwa bado wanafuta machozi ya kicheko.

Kanga akarudi nyumbani anaimba. Alipofika kwenye kichaka chake, wimbo ukakatika katikati. Nyasi zilikuwa zimefunuliwa. Kando ya kiota amelala Kenge, na mbele yake maganda.

“Umerudi, mama,” Kenge akasema. “Karibu.”

“Kiapo!” Kanga akalia. “Kiota cha mtu si chako! Kiapo!”

“Kiapo gani? Nilikiomba, mkaninyima. Ulikuwa juu ya kichuguu, ulisikia mwenyewe.” Akachukua yai jingine. “Kuna bingwa. Si umwite?”

Kanga hakungoja. Alikimbia hadi kwenye majabali, akamkuta Nyani anatolewa chawa, Mbweha ubavuni.

“Bingwa! Kenge anakula wanangu! Njoo!”

Nyani hakuinuka. “Ana rekodi gani?”

“Bingwa, wanangu!”

“Nimesikia, mama, lakini tulia tufikiri. Nikimpiga, watasema nimepiga kenge, heshima iko wapi hapo? Na nikipigwa…” Akaukaza mkanda. “Si wewe uliyekuwa unasema bingwa hapigani ovyo? Nilikuwa nakusikia. Ulisema vizuri sana.”

Kanga akatazama ile mikono aliyoiimbia. Ilikuwa imeushika mkanda, wala haikukunja ngumi. Akamgeukia Mbweha.

“No comment,” Mbweha akasema.

Kanga akakimbilia kisimani. Akawakuta Kobe, Bundi na Kinyonga wamekaa pamoja, kila mmoja anauguza kushindwa kwake. “Nyinyi ni wapiganaji, njooni mnisaidie! Kenge yuko kiotani kwangu!”

Wakatazamana. “Dada,” Kobe akasema, “sisi tumeapa. Kiota cha mtu si chetu. Hata kukisogelea tunaogopa.”

Ndipo Kanga akaona alichokuwa hajakiona. Hawa walioapa, hata wangeambiwa walikalie yai lisingepasuka. Aliyefaa kuapa ndiye waliyemcheka mpaka akaondoka. Na aliyeanzisha kicheko ni nani?

Akageuka. Nyuma yake alikuwa Pimbi, anahema, amemfuata njia nzima. Kanga alijua anastahili kuambiwa maneno. Pimbi hakuyasema. Alisema, “Twende.”

Wakafika. Nusu ya mayai ilikuwa imekwisha. Kenge ameshika jingine mkononi.

“Kenge,” Kanga akasema, “weka yai hilo. Nataka pigano.”

“Na nani?”

“Nawe.”

Kenge akamkazia macho. “Usinitanie. Ulinizomea mbele za watu.”

“Nilikuzomea. Na sasa nakuchagua. Refa huyu hapa.”

“Bingwa ndiye huchagua,” Kenge akasema, lakini sauti yake ilikuwa imebadilika.

“Bingwa huchagua wake,” Pimbi akasema. “Hakuna aliyesema wengine tusichague wetu.”

Kenge akalirudisha yai kiotani, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto. Akauzungusha mkia kiunoni, akaufunga. Hakuna aliyemwambia aufunge. Akaweka kiganja chini.

“Ngumi zangu ni za uwanja,” akasema. “Kiota cha mtu…”

Akatazama kiota. Akamtazama Kanga.

“Umenitega.”

“Nimekutega,” Kanga akasema. “Sikufichi. Ukiacha kuapa, mayai ni yako, kula mpaka ushibe. Ukimaliza kiapo, pigano ni lako. Chagua.”

Upepo ukapita kwenye miiba. Kenge akameza mate. Mayai yalikuwa matamu, tena karibu. Lakini pigano alikuwa amelitaka maisha yake yote.

“Kiota cha mtu si changu,” akasema. “Pango la mtu si langu. Mtoto wa mtu si wangu.”

Pimbi akapiga mluzi. Wakapigana.

Sitawadanganya. Kanga alipigwa. Alipigwa vizuri sana. Akaanguka, akainuka, akaanguka, akainuka, mara ya tatu hakuinuka. Manyoya yote ya kichwani yalipeperuka na upepo, hayakuota tena mpaka leo. Kenge mwenyewe akamshika bawa, akamsimamisha.

“Ahsante,” akasema. Kisha akaondoka bila kugeuka kukitazama kiota.

Kesho yake alikuwa mlangoni kwa Mbweha. “Promota, nimepata rekodi. Pigano moja, ushindi mmoja. Refa Pimbi.”

Mbweha akatafuta neno katika lugha zote tatu, asilipate. Ikabidi siku itangazwe. Wanyama wakajaa. Kanga naye akaenda, kichwa kipara, hakuimba.

Kenge akaingia, akafunga mkia, akaapa. Wakamngoja Nyani. Wakangoja. Jua likapinda. Mwisho mtu akainua macho, akaona kitu kinaning’inia juu kabisa ya majabali: Nyani, na watoto wake, na wake zake, wamekumbatia mawe. Mkanda ulikuwa chini, vumbini. Tangu siku hiyo nyani hulala juu, na akisikia kitu chini hupiga kelele kwanza.

Mbweha aliuokota mkanda, akaupangusa, akamfunga Kenge kiunoni. “Bosi,” akasema, “mimi nilikuamini tangu mwanzo.”

Na mayai? Yaliyobaki yalianguliwa. Kenge alipita pale kila siku akienda kisimani, na hakugusa kifaranga hata mmoja. Najua, mtaniambia kenge wa siku hizi wanaiba mayai. Wanaiba, ndiyo. Yule aliapa. Wajukuu wake, nani amewapa pigano?

Basi funzo lake ni hili. Ukimshangilia mkubwa anapokwepa, unamfundisha kukukwepa wewe siku unayomhitaji. Na mwenye nguvu ukimfungia uwanja, hazimwishi. Atazileta nyumbani kwako, na atakukuta huna wa kumwita.

Hadithi yangu imetulia. Aliyesikiliza ameshiba, aliyesinzia akakwangue ukoko.