Rimu Pana za Mzee Kiboga

Mzee Kiboga alikuwa tajiri, na chochote alichoazima kikishaingia getini kwake hakikutoka tena. Kijiji kizima kilijua, lakini hakuna aliyethubutu kumnyima. Siku moja akaenda kwa Sikudhani, mjane aliyewalisha wanawe kwa kubeba viazi vya watu kwa gari lake la kupandia milima.

"Nimekuja kuazima gari, mama."

"Chukua, mzee. Ila matairi yangu ni membamba, mtu kama wewe watakucheka. Si una zile rimu pana zenye matairi manene ulizonunua mjini?"

Kiboga akaagiza ziletwe. Akalinganisha matundu ya nati, yakalingana. Akapima kimo, sawasawa.

"Zimekaa kama pete kidoleni," akasema.

"Wewe ndiye mjuzi," Sikudhani akajibu, akamshikia jeki mpaka zikafungwa zote.

Kiboga akaondoka akipiga honi, akateremka barabara iliyonyooka mpaka nje ya geti lake. Hapo akakata kona. Matairi ya mbele yakalia, yakasugua chuma, usukani ukagoma. Alilisogeza mbele na nyuma mpaka shati likalowa jasho, lakini gari halikuingia.

Jioni Sikudhani akafika na matairi yake kwenye mkokoteni.

"Umeliroga," Kiboga akasema.

"Hapana, mzee. Rimu zako zimeingia ndani mno. Ukikata kona kali, tairi linagusa chesisi, fremu ya chuma ya gari."

"Kumbe ulijua? Mbona hukuniambia?"

Sikudhani akaanza kulegeza nati. "Ningekuambia, saa hizi gari lingekuwa ndani ya geti lako."