Kiapo cha Waliohitimu kwa Maalimu Sadala

Hapo kale katika mji mmoja wa Pemba, wazee walimpa Bi Mize, mjane wa Maalimu Sadala, kazi ya kuhakiki majina ya wakubwa waliosoma Kurani katika chuo cha marehemu mumewe, ili yatajwe siku ya Maulidi. Mbele ya Kadhi na wazee alifika Bwana Faki, tajiri wa karafuu, ambaye kiwanja cha chuo kilikuwa chake, naye alikusudia kukibomoa chuo hicho baada ya sherehe ili ajenge ghala.

"Niandike wa kwanza, Bi Mize! Nilisoma hapa hadi nikahitimu."

"Niwie radhi, mwanangu, uzee umenisahaulisha nyuso. Je, wakikumbuka kiapo cha siku ya kuhitimu?"

"Nitakisahauje!"

"Kile cha kushika msahafu na kuahidi kwamba hutang'oa jiwe hata moja la chuo hiki maishani mwako?"

Bwana Faki aligeuka. Kadhi na wazee wote walikuwa wakimtazama.

"Hicho hicho," alisema. "Mimi ndiye niliyeapa kwa sauti kuliko wenzangu."

Bi Mize alikiandika kiapo neno kwa neno, tajiri akatia sahihi, na wazee wakashuhudia. Alipokwisha kuondoka, Kadhi, aliyesoma chuoni hapo miaka saba, alimwinamia bibi.

"Mama, mbona mimi sikuapishwa?"

"Wewe ulisoma, baba," alijibu Bi Mize. "Kiapo hiki nimekitunga leo kwa ajili ya wasiosoma."