Zulia la Mwenyekiti Shilinde

Mgeni huona zulia, maji huona udongo. Leo mmemsikia fundi akiwaambia hivyo vibarua wake, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Yalitoka hapahapa kijijini, nami nilikuwapo. Nitawasimulia, ila msinitake nisimulie huku natabasamu.

Wakati huo mama zenu walikuwa bado wasichana. Kwa maji yote tulitegemea lambo. Ng'ombe walikunywa humo, sisi tulichota humo, na karibu kila masika lambo lilichukua mtoto. Lilimchukua Luhende, mtoto wa kwanza wa jirani yetu Minza. Alifuata ndama aliyekwama kwenye tope, akateleza. Watu wazima walisimama ukingoni wakipiga yowe, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea.

Minza alipomaliza kulia alikwenda misheni. Alikuwa amesikia kwamba sista mmoja mzee anarudi kwao, na nyuma ya nyumba yake kuna bwawa la kuogelea la turubai, lile linalosimama juu ya ardhi kwa miguu ya chuma. Aliliomba ili watoto wafundishwe kuogelea shuleni, akapewa. Sista alimwambia neno moja tu: liwekwe mahali palipo sawa, kwa maana maji ni mazito kuliko watu wanavyodhani.

Uwanja wa shule yetu unateremkia barabarani. Saruji hatukuwa nayo, wala hatukuihitaji. Minza alitukusanya akina mama, akasema tutafanya kama tunavyofanya sakafu za nyumba zetu. Tutachimba upande wa juu mpaka ulingane na wa chini, tutang'oa visiki na kuokota mawe, tutamwaga mchanga wa mtoni, tutashindilia, kisha tutatandika magunia makuukuu ili turubai lisitoboke. Tulijaza maji kwenye mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mmoja akashika ncha hii na mwingine ile, tukajua wapi pamezidi. Tulichimba huku tunaimba. Ardhi ya juu ilikuwa ngumu, majembe yalilia.

Tulipofika nusu, akaja Shilinde, mwenyekiti wa kamati ya shule. Alisema mgeni rasmi anakuja Jumamosi kuzindua bwawa.

"Jumamosi hatutakuwa tumemaliza," Minza alimwambia.

"Mtamaliza leo. Huo udongo mliochimba si huo hapo? Umwageni upande wa chini, usawazisheni, mimi nitaleta zulia la kijani la ukumbini."

"Mwenyekiti, udongo wa kumwaga hauna nguvu. Maji yataukandamiza."

"Mama Luhende, umekuwa injinia lini?"

"Hata kuku anaujua udongo mlegevu. Ndiyo maana huparua hapo."

Tulicheka. Shilinde hakucheka. "Mgeni rasmi atakuja na jembe kupekua chini ya zulia?" aliuliza, akawaita wanaume, nao wakamwaga udongo. Hawakuushindilia hata kwa nyayo. Zulia lilipotandikwa, kweli palipendeza. Ungedhani ni meza. Bwawa likasimamishwa juu yake.

Jumamosi trekta lilileta maji, bwawa likajaa. Wageni waliketi upande wa chini, kwenye kivuli cha darasa. Watoto walipanga foleni kwenye ngazi, wamevua mashati, wanasukumana kwa furaha. Mgeni rasmi alishika kipaza sauti, akaanza kusifu maendeleo yetu.

Minza hakuwa akimsikiliza. Alikuwa anatazama ukingo. Upande wa juu maji yalikuwa yamepungua kiganja kizima, upande wa chini yalikuwa yanalamba mdomo wa turubai. Aliinuka, akaenda kusimama mbele ya ngazi, mikono ameitanua.

"Haingii mtoto humu."

Shilinde alimfuata mbio, akimnong'oneza huku amebana meno. "Toka hapo! Unatuaibisha mbele ya mgeni."

"Tazama mwenyewe. Maji yamelala upande. Mguu ule unazama."

"Toka, mwanamke, nisije nikakutoa!"

"Nitoe!" alipaza sauti mpaka mgeni rasmi akanyamaza. "Nimeshazika mmoja kwa maji ya Mungu. Sitazika mwingine kwa maji yako! Nyie watoto, rudini nyuma! Nanyi wageni, ondokeni hapo chini!"

Watoto walimwogopa, wakarudi. Wageni walikuwa bado wanainuka, wakitazamana, wakati mguu wa chuma ulipozama kwenye udongo ule. Ubavu wa turubai ulivimba kama tumbo la ng'ombe mgonjwa, ukapasuka. Maji yalizoa viti, yakazoa meza na maua yake, yakamwangusha mgeni rasmi na kipaza sauti chake mkononi. Hakuna aliyekufa. Lakini turubai lilichanika kutoka juu mpaka chini, na hatukuwa na jingine.

Shilinde alisimama kwenye tope akisema, "Ni bahati mbaya, ndugu zangu. Mipango ya Mungu."

Hapo ndipo Minza alipolichomoa lile zulia chini ya turubai lililochanika, likitiririka matope, akaliburuta mpaka miguuni pa Shilinde.

"Usimsingizie Mungu! Ulitandika hili ili mgeni asione. Haya, mgeni ameona zulia, na maji yameona udongo!"

Shilinde aliendelea kuwa mwenyekiti. Watu wa namna hiyo hawaondoki upesi. Masika yaliyofuata lambo lilichukua watoto wawili. Hawakuwa wamefundishwa kuogelea, na wangefundishwa wapi?

Basi fundi anapowakemea vibarua wanaofunika shimo bila kushindilia, msicheke. Mtu akiharakisha kazi ili isifiwe, na watoto ndio watakaoingia ndani yake, mwambieni usoni, hata kama ni mkubwa wenu: mgeni huona zulia, maji huona udongo.