Mkutano Uani kwa Bi Mize

Jumatatu ya tarehe mosi Juni, saa nne asubuhi, masharti ya ugonjwa yalilegezwa. Bi Mize alikwenda moja kwa moja kwa Diwani Mbaruku kuomba ruhusa ya kumsomea hitima mumewe Makame, aliyezikwa harakaharaka bila majirani.

"Tahadhari bado ipo, mama. Mikusanyiko ni hatari," alisema Diwani. "Hitima hapana."

"Na mikutano ya baraza je?"

"Ile ni ya elimu. Haina neno."

"Basi njoo utuelimishe, Mheshimiwa. Mtaani kwetu watu wameshavua barakoa, na ua wangu ni mpana."

Diwani alifurahi. Alileta turubai, viti na kipaza sauti, na mtaa mzima ukaitwa uje kuonywa usikusanyike.

"Nani atatufungulia kwa dua?" aliuliza.

"Maalim Hamadi yupo, Mheshimiwa."

Maalim alishika kipaza sauti, akaanza Yasini, na umati ukamfuata. Diwani alimkodolea macho Bi Mize, lakini nani angethubutu kukatiza dua? Aliinua mikono kama wenzake.

"Ewe Mola," Maalim aliomba, "mrehemu Makame, umnawirishie kaburi lake, yeye na wote tuliowazika kimyakimya. Amin."