Nungunungu Aliyekula Mgongo Wake

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mbona mmenyamaza? Au mnadaiwa dukani? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na Nungunungu na mkewe, Bi Shekue. Nungunungu alikuwa na miiba mgongoni, mirefu, myeusi kwa myeupe. Akitembea, chakacha, chakacha, chakacha! Hata Chui akiisikia hupisha njia, akajifanya anatazama ndege.

Shambani kwao muhogo ulijaa. Lakini Nungunungu muhogo hautaki.

"Mimi nile muhogo? Watu wanione?"

Yeye na duka, duka na yeye. Duka lilikuwa la Kenge, mpole, mwenye ulimi mrefu na tabasamu refu zaidi.

"Kenge ndugu yangu, nipe asali, nipe na karanga za kukaanga. Nina wageni."

"Utalipa lini?"

"Mwezi ukiandama."

"Hapana shida, bwana mkubwa. Niachie mwiba mmoja tu, uwe rehani."

Nyofo! Mwiba ukatoka.

Wageni wenyewe ni Kunguru na Nguchiro. Wakala, wakafuta midomo, wakasifu: "Nungunungu, kama wewe hakuna!" Naye akavimba kichwa. Kesho wakarudi. Nyofo! Kesho kutwa wakarudi. Nyofo! Mwezi ukaandama, ukazama, ukaandama tena. Nyofo, nyofo, nyofo!

"Mume wangu," akasema Bi Shekue, "mgongoni mwako naona ngozi."

"Joto hili, mke wangu. Nimejipunguzia."

Siku moja akashuka mtoni kunywa maji. Akatembea, kimya. Akajitikisa, kimya. Chui alikuwa njiani, na leo hakupisha. Akamnusa.

"Wewe nani? Panya?"

Nungunungu, mbio! Chui nyuma, yeye mbele, akajitosa shimoni kwake, pu! Ukucha ukampata mgongoni, palepale penye ngozi tupu. Damu ikachuruzika. Nungunungu akachungulia nje, akamwona Kunguru juu ya mti.

"Kunguru rafiki yangu! Nisaidie!"

"Bwana mkubwa! Leo mnapika nini?"

"Chui yuko mlangoni!"

"Aa. Basi tutapita kesho."

Chui alingoja mpaka njaa ikamchosha, akaenda zake. Bi Shekue akamwosha mumewe kidonda. Hakumfokea. Alipomaliza akasema, "Kuanzia leo, duka la Kenge tunalipita kama makaburi. Tunasalimu, hatuingii."

Akaenda mwenyewe kwa Kenge. "Deni tutalipa kwa muhogo mkavu, kikapu kila mwezi. Ila mume wangu usimkopeshe tena, hata chumvi."

Kenge akacheka. "Sasa mimi nitakula nini?"

"Muhogo," akasema Bi Shekue.

Wakaanza kujibana. Asubuhi muhogo, jioni muhogo, katikati kisamvu. Siku ya kwanza Nungunungu alilia. Siku ya pili alinuna. Siku ya tatu alikula, akaomba kuongezewa. Kunguru alipokuja akakaribishwa muhogo.

"Tumbo langu halipatani na muhogo," akasema.

"Basi lirudishe kwenu," akajibu Bi Shekue.

Nguchiro naye akatangaza pori zima: "Nungunungu kafilisika! Anakula mizizi!" Wanyama wakacheka kwa-kwa-kwa! Nungunungu akaona aibu, aibu ikampeleka mpaka mlangoni kwa Kenge. Kenge akaunyosha mkono. Nungunungu akanusa asali. Mate yakamtoka. Kisha kile kidonda kikamwasha, akakumbuka pumzi ya Chui shingoni.

"Nilikuja kukusalimu tu," akasema, akarudi nyumbani.

Kikapu kikafuata kikapu, mpaka deni likaisha. Kenge akamrudishia miiba yake, imefungwa kamba kama kuni. Nungunungu akajaribu kuichomeka mgongoni. Wapi! Ikaanguka chini, chaka! Mwiba uliong'olewa haurudi. Ilibidi angoje mipya iote, mmoja mmoja, mifupi, inayouma. Ile ya zamani Bi Shekue akaitumia kama sindano za kushonea mikeka, na mikeka akaiuza.

Na Kunguru na Nguchiro je? Msiwaonee huruma. Walihamia kwa Kanga. Huko wanakula, wanafuta midomo, wanamwambia, "Kanga, kama wewe hakuna!" Kenge naye hajafunga duka. Kesho mkimwona Kanga, mtazameni shingoni. Manyoya yako wapi? Mimi sijasema kitu.

Wanangu, na nyie wazazi wao mnaojifanya mnasinzia: anayekopa ili asifiwe hujila mwenyewe, na wanaomsifu hawatakuwepo siku ya Chui. Dawa ya deni ni kulipa, na kulipa huanzia jikoni.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayedaiwa akalipe, asiyedaiwa akalale.